Umehamia Dodoma na Hujui Mtu: Namna ya Kupata Marafiki Ukubwani

Mwaka wangu wa kwanza Dodoma, mtu aliyenifahamu kuliko wote mjini humu alikuwa kijana wa kukatisha tiketi za basi. Alijua napenda siti ya dirishani upande wa kushoto, alijua nashukia Mbezi, na alijua kwamba Ijumaa alasiri nitatokea na begi langu la mgongoni. Jumapili usiku nilikuwa narudi nimechoka, nafungua mlango, nalala. Jirani tuliyetenganishwa na ukuta mmoja sikujua hata anaitwa nani.

Mwongozo huu simwandikii mwanafunzi wa UDOM. Yeye ana bweni, ana darasa, marafiki watamfuata wenyewe. Namwandikia mtu wa miaka thelathini na kitu aliyeletwa na barua ya uhamisho, au na biashara, au na ndoa, ambaye simu yake imejaa majina lakini hakuna hata moja analoweza kulipigia akakutana naye baada ya nusu saa. Kama umehamia Mwanza au Mbeya badala ya Dodoma, badilisha majina ya mitaa tu, mengine yatakufaa.

Kitu kimoja kitulize moyo kwanza. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukatekelezwa nusunusu kwa miongo minne, hadi Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli. Wizara zikafunga makabrasha, Mji wa Serikali ukainuka kule Mtumba, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Matokeo yake mji umejaa watu wa umri wako ambao nao hawana mtu. Yule unayemwona kwenye foleni ya chipsi jioni, peke yake, anatazama simu, huenda na yeye anahesabu siku za kurudi kwao.

Kwa nini basi inakuwa vigumu? Shuleni tulikalishwa dawati moja na mtu tusiyemchagua, miaka ikapita. JKT tulilala hanga moja. Urafiki ulijiotea kwa sababu saa zilikuwepo. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu jambo hili, na sehemu ya watu aliowauliza walikuwa watu wazima waliohama makazi miezi michache tu nyuma. Makadirio yake: kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu mliyefahamiana tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa ndani. Saa za kazini, kwa maelezo yake, hazizai sana. Kansas si Dodoma, najua, sisi tuna salamu ndefu kuliko wao. Lakini nilipokaa nikahesabu saa nilizowapa watu wa Dodoma nje ya ofisi mwaka ule wote, sikufika kumi. Nilikuwa nalalamika kwamba watu wa huku wagumu, kumbe sikuwahi kuwepo.

Hatua ya kwanza: acha kwenda Dar kila Ijumaa

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma katikati ya 2024, ugonjwa huu umezidi. Zamani basi lilikula siku nzima, mtu akafikiri mara mbili. Sasa ukipanda Ijumaa jioni, usiku uleule uko Dar unakula mishikaki. Urahisi huo ndio unaokufanya mgeni wa kudumu.

Jipe wikiendi nane mfululizo za kulala Dodoma. Ya kwanza na ya pili zitakutesa, nakwambia kabisa. Utafua, utadeki, utapanga kabati, na ukitazama saa ni saa sita mchana tu. Ukihamia mwezi wa saba, upepo utakuwa unapiga vumbi kwenye madirisha na usiku utatafuta blanketi ambalo Dar hukuwa nalo. Usikimbilie stesheni. Mwenye mke au mume na watoto huko alikotoka simwambii avunje nyumba yake. Apishanishe, wiki hii aende yeye, wiki ijayo wao waje, na wakija watoke nje waonekane mtaani.

Waambie watu wa nyumbani mapema, la sivyo watahisi mambo. Mama yangu aliposikia nimekaa Dodoma wiki tatu bila kwenda Temeke, alijua nimepata mchumba. Nilimwacha ajue hivyo. Angalau alifurahi.

Hatua ya pili: julikana mtaani kwako

Hapa hutafuti rafiki. Unatafuta kujulikana tu, na ni kazi ya wiki mbili.

Anza kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Utamhitaji siku ya barua ya utambulisho, na ni heri akujue kabla hujaenda na shida. Kisha nyumba ya kulia, ya kushoto na ya mbele. Usiende usiku, usiende Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani. Jumamosi saa kumi jioni ni saa nzuri. Maneno ni machache: "Hodi! Shikamoo mama. Mimi mgeni, nimepanga pale kwenye geti la bluu, natokea Dar, kazi yangu iko Mtumba. Nimepita tu kuwasalimia." Halafu uliza swali moja, kwamba maji mtaa huu yanatoka siku zipi. Dodoma hiyo ndiyo mada pekee isiyokauka. Kila mtu ana la kusema, na kabla hujaondoka utakuwa umeshaambiwa nani ana kisima na nani ana tangi kubwa.

Jifunze na "mbukwa", salamu ya Kigogo. Wakiwa wengi unasema "mbukwenyi". Utachekwa matamshi; cheka nao. Mimi nimezaliwa Temeke, na mzee mmoja wa mtaani alinisahihisha hadi nikatamani kurudi darasa la kwanza, lakini tangu siku ile hajawahi kunipita bila kusimama.

Halafu chagua genge moja, kinyozi au msusi mmoja, duka moja la Mangi, bodaboda mmoja. Bei ikizidi kidogo, vumilia. Mnunuzi anayezungukazunguka kutafuta nafuu ya shilingi hamsini hajulikani popote.

Genge ndilo lililonipa mtu wa kwanza. Nilinunua mlenda wa unga, ule mkavu, nikauchemsha kama ninavyochemsha mchicha, maji tele. Kilichotoka jikoni sikukipatia jina. Kesho yake nikamwambia mama wa genge ukweli.

"Uliweka maji kiasi gani, mwanangu?"

"Nusu sufuria."

Akaweka kisu chini. "Nusu sufuria! Ulikuwa unapika au unafua?"

Alinivuta nyuma ya genge, penye jiko lake la mkaa, akanionyesha. Maji kidogo, unga unaingia taratibu, mkono hauachi kukoroga, karanga za kusaga zinafuata mwishoni. Nilikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa hadi giza likaingia, napokea pesa za wateja wakati yeye anageuza ugali. Ningejifanya najua kupika mlenda, ningenunua nyanya nikaenda zangu, na hadi leo ningekuwa namwita "mama nipimie". Kwa hiyo usione haya kutojua. Mgeni ana ruhusa ya kuuliza mambo ya kijinga, ila ruhusa hiyo huisha haraka. Ukikaa miaka miwili ndipo uulize soko la Majengo liko wapi, watu watakushangaa.

Hatua ya tatu: tafuta kundi moja lenye siku na saa

Moja, mawili yakizidi. Sifa yake iwe hii: linakutana kila wiki, watu ni walewale, na mikono ina kazi ya kufanya. Kukutana mara moja kwa mwezi hakufai. Ukikosa mara moja, miezi miwili imepita na majina umeshayasahau.

Kwa Wakristo, kwaya haina mpinzani. Mazoezi siku mbili kwa wiki, saa mbili kila siku, tayari ni saa nne. Weka na Jumapili. Ndani ya miezi mitatu umeshafika zile saa 50 za Hall bila kutoa jasho. Sauti si hoja, kila kwaya ina watu wa kuimba chini chini pale nyuma. Mkatoliki ana jumuiya ndogondogo, ambayo ina faida ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, kwa hiyo siku moja zamu itafika kwako na itabidi utandike mkeka na kuchemsha chai. Muislamu anaweza kuanza na darsa baada ya swala, na Ramadhani ndiyo mwezi wenyewe: peleka sahani ya futari kwa jirani, haitarudi tupu.

Asiyetaka mambo ya dini ana klabu za joging, siku hizi ziko karibu kila kata. Wanaanza saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi, fulana za rangi moja, nyimbo, na mbele anakimbia mtu mwenye filimbi. Usiogope kasi. Nusu ya klabu inatembea na inajiita timu ya nyuma, na huko nyuma ndiko kwenye mazungumzo. Wanaume wana pia kibanda cha mpira, ingawa nina shaka nacho kidogo: dakika tisini wote wanatazama mbele, mechi ikiisha kila mtu anashika njia yake. Ukienda, nenda nusu saa kabla. Ubishi wa Simba na Yanga kabla ya filimbi una thamani kuliko mechi.

Kikoba nakiweka mbali kidogo kwa makusudi. Ni kweli watu wanashikana huko, hasa kinamama, wanakutana kila wiki na wanajuana hadi siri. Lakini wanashikanishwa na pesa, na mgeni hajui nani hulipa marejesho na nani hujificha siku ya kikao. Kaa miezi minne kwanza. Ukialikwa, omba kusoma katiba, uliza faini ya kuchelewa ni kiasi gani, uliza mtu akihama hisa zake anapewaje. Wakikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Kundi la WhatsApp la mtaa jiunge, litakupa taarifa za umeme na mbuzi waliopotea. Rafiki hatoki humo.

Hatua ya nne: mtoe kwenye kundi

Watu wengi huishia hatua ya tatu. Wana watu wa kwaya, wana watu wa joging, nje ya hapo kimya. Mtu anakuwa rafiki siku mnapokutana mahali ambapo hamkulazimika kukutana, na mmoja lazima aanze. Kwa kuwa wewe ndiye mwenye shida, anza wewe.

Kuna maneno mawili yanayoua urafiki nchi hii, na yote ni ya adabu: "karibu nyumbani" na "tutatafutana". Ukimwambia mtu karibu nyumbani, atasema asante, na hatakuja hadi mwisho wa dunia, kwa sababu hajaalikwa, amesalimiwa tu. Mwaliko una siku, una saa, una shughuli. Mimi wa kwanza niliuandika hivi: "Jumamosi saa tisa naenda Majengo kununua zabibu na viungo, sipajui vizuri. Unaweza kunisindikiza?" Alijibu kwa neno moja, "Twende." Alikuwa dada wa sauti ya pili, tuliimba bega kwa bega wiki saba na hatukuwahi kuzungumza jambo lisilohusu noti. Tulizunguka soko saa mbili. Nikajua ana mtoto Singida analelewa na bibi yake. Nikajua hapendi kazi yake. Nilibeba zabibu nyingi kuliko nilizoweza kula, zingine zikaharibika.

Mwalike kwenye jambo la bei ndogo. Kwetu aliyealika ndiye analipa, na ukimpeleka mtu kwenye kuku wa kuchoma na soda mbili mbili, zamu yake ikifika atakwepa, si kwa kukuchukia, mshahara haujatoka. Sokoni, kutembea hadi Nyerere Square jioni, kupika pamoja, kwenda kuangalia kiwanja alichouziwa mtu kule Nala, hayo hayamtishi mtu. Kwa watu wa jinsia tofauti, hasa mmoja akiwa na ndoa, anzeni mkiwa watatu au wanne. Mtaa una macho, na maelezo hayafiki mbali kama uvumi.

Akikataa mara moja, mwalike tena baada ya wiki mbili tatu. Akikataa mara ya tatu bila kupendekeza siku nyingine, muache kwa heri, muendelee kusalimiana. Hana nafasi, na si lazima ujue kwa nini.

Na anayekuja mbio sana, muangalie. Mgeni mwenye mshahara ananusika kutoka mbali. Wiki ya pili mtu anakuita "ndugu yangu wa damu", wiki ya tatu ana fursa ya biashara unayotakiwa kuingia leo kabla mlango haujafungwa. Sema pesa zote zimeishia kwenye kodi ya miezi sita. Kama ni rafiki, atarudi kesho kupiga soga.

Hatua ya tano: usikose msiba

Ningeambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii.

Mwezi wa tano tangu niache kwenda Dar kila Ijumaa, geti la nne kutoka kwangu lilifungwa turubai. Mama wa nyumba ile amefiwa na mama yake. Sikuwa namjua, tulipungiana mkono mara mbili tu. Nilisita sana: nitaenda kukaa na nani, nitasema nini? Mama wa genge akanitazama vile anavyomtazama mtu anayegusagusa nyanya. "Vaa khanga, twende."

Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilipewa pole kama wengine, nikaingia kuwapa mkono wafiwa, kisha mtu akanisogezea ungo wa vitunguu saumu na kisu kisichokata. Tulikuwa wanawake saba kwenye jamvi. Kumenya vitunguu saumu vya watu mia ni saa tatu za kazi, kucha zinauma, na ndani ya saa tatu mikono ikiwa na shughuli watu husema mambo yote. Nilijua wenye nyumba wametoka wapi, nani alisoma na nani, mwenye nyumba wangu alimtoaje mpangaji aliyenitangulia. Na wao walinijua. Kesho yake asubuhi, nikielekea kupanda basi la ofisi, niliitwa kwa jina mara tatu kabla sijafika barabarani.

Ya kuzingatia ni haya. Fika siku ya kwanza au ya pili, usisubiri maziko. Rambirambi toa ya kadiri yako, iandikwe kwenye daftari. Jina lako humo ndipo mtaa unapokuhesabu. Ukiwa mwanamke, kaa hadi masufuria yaoshwe. Ukiwa mwanaume, usikae tu kwenye kiti ukisubiri chakula: beba viti, funga turubai, na wakienda kuchimba kaburi, nenda. Zamu ya sururu hata ikiwa ya dakika kumi inatosha. Kama kazi hairuhusu, pita saa moja jioni na uwaambie wazi kwamba ulikuwa kazini.

Harusi ni jambo jingine. Kadi za mchango zitakumiminikia, na mgeni hujikuta anamchangia hadi shemeji wa mpishi wa kantini. Jiwekee kiasi kwa mwezi. Kikiisha, sema, "Safari hii sina, lakini siku yenyewe nitakuja kusaidia kupokea wageni." Kisha uende kweli.

Hatua ya sita: kubali kusaidiwa

Hii ilinishinda zaidi ya zote. Niliumwa malaria, nikajifungia siku tatu, nakunywa dawa na kula mikate mikavu, sikumwambia mtu kwa sababu sikutaka kumsumbua. Nilipotoka, yule dada wa kwaya alinuna wiki nzima. "Kumbe unaumwa, unaficha? Mimi nikiumwa nitakuambiaje sasa?" Niliona nimefanya ustaarabu, yeye aliona nimemfungia mlango.

Kwa hiyo omba vitu vidogo kabla havijawa vikubwa. Omba chumvi. Omba mtu akupokelee mzigo stendi. Achia jirani ufunguo ukisafiri. Ukipewa chakula kwenye bakuli, bakuli lirudi na kitu, hata ndizi mbili, lakini lisirudi siku ileile kama unalipa deni.

Mwisho, vifaa. Nunua vikombe vya kutosha, mkeka mmoja mkubwa, na viti vya plastiki visivyopungua vinne hata kama unaishi peke yako chumba na sebule. Mwenye kiti kimoja ameshawaambia wageni wakae wapi. Chini ya kila kiti andika jina lako kwa rangi ya mafuta, kwa sababu vitaazimwa: vikao, maombi, misiba. Vyangu vilikuwa sita. Vimebaki vitano, na cha sita nakijua kilipo, nyuma ya genge, mahali pa ile ndoo.